Sema Kwanza, Chai Baadaye

Dunia inasema mawifi hawapatani, nami sikuzaliwa kuja kubishana na dunia. Kaka yangu alipomleta mkewe nyumbani nilimpima kuanzia utosini hadi kisiginoni, nikakosa kasoro, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Miaka imepita. Tumegombania kamba ya kuanikia nguo, watoto wake wamekulia kitandani kwangu, na leo nataka kumsimulia kama alivyo. Nikimsifu, msishangae. Nikimsema, ni wifi yangu, nina haki.

Wifi ni meneja wa timu ya mpira wa miguu. Watu wakisikia hivyo hudhani ni kocha, wanaanza kumfundisha nani apangwe mbele na nani nyuma. Kocha ni mwingine, yule mwenye filimbi shingoni. Meneja ndiye anayehakikisha kocha ana watu wa kupanga: basi lina mafuta, jezi zimekauka, mkataba wa huyu umesainiwa, yule aliyefiwa amepewa ruhusa ya kwenda kuzika. Mimi ni mpishi wa timu hiyohiyo. Nilikuwepo jikoni kabla yeye hajaingia ofisini, kwa hiyo asije mtu akasema nimebebwa.

Tuko ligi kuu, lakini ukuu wenyewe ni wa jina. Uwanja wa mazoezi una nyasi upande mmoja na vumbi upande wa pili. Bwalo la chakula lina meza ndefu iliyoungwa kwa meza za vimo tofauti, ukiweka kikombe kwenye kiungo kinapinduka. Chumba cha daktari kilikuwa stoo ya nyavu, na daktari mwenyewe huja asubuhi tu, kisha anakimbilia kazi yake nyingine. Ofisi ya meneja ina kiti cha kuzunguka ambacho gurudumu moja limegoma, ukikikalia lazima uegemee kushoto. Wifi alikikuta hivyo akakizoea.

Timu ilikuwa na ugonjwa wake, na ugonjwa huo ulikuwa kuficha. Mchezaji akiumia kifundo cha mguu, hasemi. Akisema atapelekwa kwa daktari, akipelekwa kwa daktari jezi yake inavaliwa na mwingine, na huyo mwingine akifunga bao moja, basi, jina lako limesahaulika. Kwa hiyo walikuwa wanajipaka dawa za kuchua chooni, harufu inafika mpaka kwenye sufuria zangu, kisha wanatoka wanatembea kama maharusi. Siku ya mechi, katikati ya uwanja, goti linasema lenyewe. Timu tajiri mchezaji wake akianguka hivyo inanunua mwingine. Sisi tulikuwa tukipoteza mmoja tumepotea naye.

Wifi alipopewa kazi hakuomba mipira mipya wala basi jipya. Alikuja jikoni kwangu, akalitazama birika langu kubwa la chai, lile la bati lenye mpini wa waya, akasema, "Wifi, kuanzia kesho usimmiminie mtu chai kabla hajasema."

"Kabla hajasema nini? Shikamoo?"

"Kabla hajasema anaumwa wapi."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Asubuhi yake akasimama mwisho wa meza, wachezaji wote wameketi na vikombe vitupu, akawaambia sheria. Kila asubuhi duru itapita meza nzima. Anayeumwa aseme wapi, asiyeumwa aseme haumwi. Atakayesema mwenyewe nafasi yake itabaki yake mpaka apone, hata aliyemshikia akifunga mabao matatu. Atakayeficha na ikaja kugundulika, huyo ndiye atakayekaa nje. Na yeye meneja atakuwa kwenye duru, atasema wa mwisho, ili asionekane anawavua watu nguo huku yeye kavaa koti.

Siku za mwanzo ilikuwa vichekesho. Wote wazima. Mmoja akasema anaumwa moyo, mchumba kamwacha, bwalo likaangua kicheko. Wifi akamuuliza kwa uso uleule, "Tangu lini?" na akampa ruhusa ya mapumziko ya asubuhi ile. Wakambandika jina la Bi Semeni. Nahodha wao, beki wa kati mwenye kifua kama mlango, ambaye wote walimwita Kufuli, ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote. "Mimi nimekuja kucheza mpira, sikuja zahanati," alikuwa akisema, na kusukuma kikombe chake mbele kabla hajafikiwa. Mimi simiminii. Anakaa na kikombe kitupu mpaka anasema "mzima" kwa hasira.

Kilichobadilisha mambo ni winga wa kulia. Huyu siku moja alisema kisigino chake kinawaka moto. Akapumzishwa, aliyemshikia nafasi akacheza kama kapandwa na mashetani, akafunga, magazeti yakamwandika. Wote wakawa wanamtazama Bi Semeni kwa jicho la pembeni. Winga alipopona, kocha alitaka kumwacha benchi, na nani angemlaumu? Wifi akaingia na kocha ofisini, mlango ukafungwa, sauti zikapanda mpaka mimi nikazima jiko ili nisikie vizuri. Jumamosi ile winga alianza. Alicheza vibaya, kusema kweli. Lakini Jumatatu yake kwenye duru watu wanne walisema wanaumwa, na mmoja wao alikuwa ameficha nyonga tangu mwanzo wa msimu.

Sasa niseme lililoninyima mimi usingizi mwaka mzima.

Wifi yangu alikuwa mgonjwa. Uvimbe kwenye kizazi. Siku zake zikija hazikatiki, anapoteza damu mpaka midomo inakuwa ya kijivu, na mara mbili nilimkuta bafuni amekaa sakafuni, kichwa kwenye ndoo, ananiambia eti anatafuta sabuni. Tunaishi ua mmoja, nguo zetu zinaanikwa kamba moja, kitu gani angenificha? Daktari wa hospitali alimwambia apasuliwe upesi, na baada ya hapo apumzike wiki kadhaa bila kubeba hata chungu. Akamjibu kwamba atakuja msimu ukiisha.

"Msimu ukiisha au wewe ukiisha?" nilimuuliza.

"Wifi, nikienda kulala hospitali sasa hivi, nikirudi nitakuta kiti changu kina mtu."

Na mtu huyo tulimjua. Mwenyekiti wa timu alikuwa na mpwa wake, amemaliza chuo, hana kazi, kila siku yuko pale ofisini anaomba kuchaji simu na kuuliza kama meneja hachoki. Mwenyekiti hakuwahi kumpenda wifi. Alimpa kazi kwa kuwa wanaume aliowataka walikataa mshahara. Kwa hiyo sikusema wifi anaogopa kivuli. Lakini kinyozi hajinyoi, na mimi niliyaona hayo kila asubuhi nikiwa na birika mkononi. Duru inapita: goti, mgongo, mzima, jino, mzima. Inafika mwisho wa meza, yeye anasimama ameshika kingo asiyumbe, anasema, "Na mimi mzima." Nami namimina. Nilikuwa namkazia macho mpaka chai inafurika kwenye kisahani, na yeye anatazama dirishani.

Nilimwapia kaka yangu kwamba sitasema. Kaka ni fundi seremala, mtu wa maneno machache. Aliniomba nimwache mkewe aamue. Nikamwacha. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na methali hiyo ilikuwa inanizunguka kichwani kama nzi jikoni. Kila kaka akinipigia simu, nilijua ndiyo habari ya kifo.

Mechi zilipobaki chache tulikuwa tumening'inia juu kidogo tu ya mstari wa kushuka daraja. Tukishuka, mfadhili anaondoka, na mfadhili akiondoka timu inavunjwa, jiko langu likiwa la kwanza kufungwa. Tulikuwa tunakutana na timu iliyo chini yetu. Tukifungwa wanatupita. Siku moja kabla ya mechi hiyo duru ilianza kama kawaida, lakini hakuna aliyetania. Hata vijiko vilikuwa havigongani.

Duru ikamfikia Kufuli. Hakusukuma kikombe. Alikaa anatazama mikono yake, kisha akasema, "Msuli wa nyuma ya paja. La kushoto. Nimeusikia ukichanika jana mwisho wa mazoezi."

Nilisimama na birika kama sanamu. Kufuli! Huyu ndiye timu nzima ilikuwa imejificha nyuma yake. Kocha aliweka kijiko chini polepole. Wifi akauliza lile swali lake, tangu lini, inauma ukifanya nini, na sauti yake ilikuwa tulivu.

"Nilitaka kunyamaza," Kufuli akasema. "Nimelala nalo usiku kucha. Halafu nikasema, kama winga alirudishiwa yake, na mimi nitarudishiwa."

"Utarudishiwa," wifi akasema. "Wifi, mmiminie."

Nikammiminia. Nikamwongezea na sukari bila kuombwa.

Kabla vyombo havijaondolewa mezani mwenyekiti alikuwa amefika. Nani alimpigia simu, sijui, ingawa nina mtu ninayemshuku na anapenda kuchaji simu. Waliingia ofisini: mwenyekiti, kocha, daktari, wifi. Mlango haukufungwa vizuri, nami nilikuwa na sababu ya kufagia ukumbini.

"Kuna sindano ya ganzi," mwenyekiti alisema. "Achomwe, acheze, tukimaliza mechi atapumzika hata mwaka."

"Akicheza na ganzi hatasikia unapochanika wote," daktari alisema. "Anaweza asirudi tena."

"Na tukishuka sisi tutarudi?" kocha akauliza, na nilimsikia kabisa kwamba anaogopa, si kwamba ni mtu mbaya. "Mama, mimi sina beki mwingine wa kiwango chake. Nina Mpole." Mpole alikuwa beki wa akiba, jina lake la utani linaeleza lenyewe.

"Basi atacheza Mpole," wifi akasema.

"Unaelewa unachosema?" mwenyekiti alipaza sauti. "Timu ikishuka, wewe ndiye utakayetangulia kutoka mlango huu."

"Naelewa, mwenyekiti. Lakini huyu mtu amesema mbele ya wenzake wote. Nikimchoma sindano leo, kesho kutwa sitakuwa na timu. Nitakuwa na watu wanaonidanganya tu."

Mwenyekiti alitoka akinipita na ufagio wangu bila kunijibu salamu.

Nilimfuata wifi stoo ya chakula, alikoingia eti kuhesabu magunia. Alikuwa amekaa juu ya gunia la mchele, macho yamefumbwa, mkono tumboni. Hasira ikanipanda, na niseme wazi, ilikuwa hasira ya kuogopa.

"Mwanamume mzima na kifua kile amesema," nilimwambia. "Amesema mbele ya watu! Wewe je?"

"Wifi, usinianze."

"Nakuanza. Mganga hajigangi, lakini angalau asiwauzie wenzake dawa anayoitema mwenyewe. Kila asubuhi unasema mzima nami nakumiminia. Kesho sikumiminii. Utakunywa maji ya bomba."

Akafumbua macho. Nilitegemea anijibu kwa ukali, maana ulimi anao. Lakini alianza kulia bila sauti. "Wao nawalindia nafasi zao," akasema. "Yangu atailinda nani?"

 Nilikaa gunia la pili, mpaka nikasikia maji yanachemka na kumwagika jikoni.

Siku ya mechi nilikuwepo uwanjani, kazi yangu maji na machungwa. Wifi hakukaa benchi. Alisimama kwenye njia ya kutokea wachezaji, ameshika bomba la chuma la uzio, amevaa koti jeusi ingawa jua lilikuwa kali. Kufuli alikaa benchi na barafu pajani, anapiga kelele kuliko kocha. Mpole alianza vibaya. Mpira wa kwanza ulimpita katikati ya miguu, kipa akautoa kwa ncha ya vidole, nami nikaangusha chungwa. Nilimtazama mwenyekiti jukwaani. Alikuwa hamtazami Mpole, anamtazama wifi.

Tulitangulia kufunga, kwa kona, sijui hata nani aligusa. Nilirukaruka peke yangu. Wifi hakusogea. Kipindi cha pili walitujia kama maji ya mafuriko, wakasawazisha, na kuanzia hapo sikutazama tena mpira, nilitazama miguu ya Mpole. Anaanguka, anaamka. Anapiga mpira nje, popote pale, hata kwenye jukwaa la wageni. Kufuli amesimama kwa mguu mmoja anamwita kwa jina lake halisi, siyo la utani. Mwamuzi alikuwa anatazama saa na hapulizi, anatazama na hapulizi, nami nilikuwa namtukana mama yake kimoyomoyo, Mungu anisamehe. Alipopuliza ilikuwa sare. Sare ilitutosha kubaki juu ya mstari.

Niligeuka kumtafuta wifi. Alikuwa bado ameshika lile bomba, lakini alikuwa anateleza kwenda chini. Nilimfikia nikaona kwa nini amevaa jeusi. Nikavua kanga yangu ya mabegani nikamfunga kiunoni, nikamwambia, "Sasa tunaondoka." Akasema, "Kwanza chumbani kwao." Nikamkokota, nikimlaani njia nzima.

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa kinanuka jasho na furaha. Wanaimba, wanamrusha Mpole juu, mwenyekiti yupo katikati anashikana mikono na kila mtu kama vile ndiye aliyezuia mipira. Alipomwona wifi alipiga makofi. "Meneja! Toa neno kwa vijana."

Wifi akaegemea ukuta. Wakamshusha Mpole.

"Naumwa," akasema. "Nina uvimbe tumboni, natoka damu, nilitakiwa nipasuliwe zamani. Kila asubuhi nimewaambia niko mzima. Niliwadanganya, kwa sababu niliogopa kilekile mnachokiogopa nyinyi. Sasa naenda hospitali."

 Wale ni wanaume, hawajui wapeleke wapi macho mwanamke akitaja tumbo lake. Kufuli ndiye aliyesimama, akachechemea mpaka kwake, akamshika mkono upande ambao mimi sikuwa nimeushika. Wote wakageuka kumtazama mwenyekiti. Lilikuwa jambo dogo tu la kusema, maneno mawili matatu: kiti chako kitakungoja. Mwenyekiti alikohoa. "Pona kwanza, mama," akasema. "Hayo mengine tutazungumza."

Walimpasua kesho yake. Mimi na kaka tulikaa ukumbini kwenye viti vya plastiki, kaka anakwangua ukucha wake kana kwamba ni ubao. Kila mlango ulipofunguka tulisimama, na kila mara alikuwa mtu wa kusukuma vitanda au mgonjwa wa wengine. Nilimwomba Mungu kwa majina yake yote. Nilimwahidi hata kumwachia wifi kamba ya kuanikia nguo. Mwisho akatoka daktari mwanamke mfupi, akavua barakoa, akasema uvimbe umetoka, damu ameongezwa, anaendelea vizuri. Kaka aliketi chini ghafla, kwenye sakafu, akiwa amevikosa viti vyote.

Simu ilikuja tukiwa tunasubiri kumwona. Alikuwa kocha. Aliulizia hali, akashukuru, kisha akashusha sauti. Mpwa wa mwenyekiti ameketi ofisini. Kwa muda tu, ndivyo walivyoambiwa. Amekwisha badilisha kufuli la mlango na amemwita fundi wa kutengeneza lile gurudumu.

"Usimwambie," kaka alisema. "Apone kwanza."

Nilikubali. Yeyote angekubali. Nikaingia wodini nikiwa nimepanga uso wangu vizuri, na wifi alikuwa amelala, mdogo kuliko nilivyomjua, sindano mkononi. Alifumbua macho akaniona. Hakuuliza habari za watoto.

"Kiti changu kina mtu?"

"Kiti gani? Pumzika wewe. Kiti kipo."

Akanitazama tu. Mimi ndiye niliyemtishia maji ya bomba. Mimi ndiye niliyemfuata stoo kumwambia aseme. Uongo wangu ulinikaa mdomoni kama mchanga kwenye mchicha, na sikuweza kuumeza.

"Mpwa wake amekaa," nikasema. "Tangu asubuhi."

Nilijua atalia, nikajiandaa. Hakulia. Aliuliza, "Wachezaji wameona?"

"Wameona. Wote."

Akafumba macho. "Basi hakuna atakayesema tena," akasema, na uso wake ulikuwa na hofu ambayo sikuiona hata alipokuwa anatoka damu. Nikamshika mguu juu ya shuka, maana sikujua nimshike wapi pasipouma.

Asubuhi iliyofuata nilirudi kazini kwa kuwa watu lazima wale. Mpwa alikuwa amesimama mwisho wa meza, shati limepigwa pasi, na mwenyekiti mwenyewe alikuwa amekuja kumtambulisha. Wachezaji walikuwa wamekaa kimya, vikombe vitupu. "Haya," mpwa akasema kwa furaha, "nasikia mna utaratibu wenu. Semeni."

Nikaanza kupita na birika.

"Mzima." "Mzima." "Mzima, bosi." Winga wa kulia, ambaye kisigino chake kilikuwa kimeanza kumuuma tena wiki hiyo na mimi mwenyewe nilimchemshia maji ya kukandia: "Mzima." Kipa, ambaye bega lake lilikuwa chini kuliko lingine kwa macho ya kila mtu: "Mzima kabisa." Mpole, aliyekuwa amevimba kifundo cha mguu: "Mimi sina tatizo lolote." Walikuwa wanasema wakitazama mbele. Sikuona mgomo pale, wala hawakuwa wamepanga. Ningejua, jikoni kila kitu kinajulikana. Ilikuwa ni woga wa zamani tu umerudi na kukaa kwenye viti vyake.

Duru ikamfikia Kufuli. Bandeji ilikuwa imemfunga paja lote, mguu kaunyoosha juu ya kiti cha pili.

"Mzima," akasema.

"Na hiyo bandeji?" mwenyekiti aliuliza.

"Nilikuwa nasikia baridi, mwenyekiti."

Hakuna aliyecheka. Daktari, aliyekuwa mlangoni, alitazama sakafu. Mwenyekiti akamgeukia kocha. "Jumamosi unapanga nani?"

"Sijui," kocha akasema. "Umewasikia. Wote wazima."

Mwenyekiti aliipitisha macho meza ile yote, mtu kwa mtu, naye si mjinga, ni mbahili tu. Nikamwona anavyoanza kuogopa, maana hana tena njia ya kujua nani ataangukia uwanjani. Alinifuata jikoni, akasimama karibu na sinki kama mtu asiyejua jikoni pana nini.

"Shangazi," akaniita, kwa jina wanaloniitia wachezaji, yeye ambaye hakuwahi kuniita chochote. "Wifi yako anatoka lini hospitali?"

"Atatoka. Lakini hatafanya kazi kwa wiki kadhaa, na mwambie mwenyewe unalotaka kumwambia. Simu yake iko wazi."

Akatoa simu, akapiga mbele yangu. Niliisikia inaita. Wifi alipopokea, mwenyekiti alisafisha koo mara mbili. "Mama, pole sana. Nilitaka kukuambia, kiti chako ni chako. Chukua muda wako. Huyu kijana namwondoa leo hii."

Ilikuwa simu ya sauti kubwa, kila neno lilisikika. Wifi hakumshukuru. Alihema kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya mgonjwa, "Asubuhi hii kwenye duru, wamesema nini?"

Mwenyekiti alinitazama mimi nimsaidie. Nikaendelea kufuta birika.

"Wamesema wote wazima," akasema.

Na pale nikamsikia wifi yangu, ambaye kisu hakikumliza, analia kwa sauti wodini mbele ya wagonjwa wenzake, na mwenyekiti ameishika simu mbali na sikio lake, hajui aikate au aisikilize. Hakuikata.